Kuhusu Mashua Iliyobeba Jeneza Kutoka Sori

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mbita. Tarehe 24 Novemba 1997, saa nne asubuhi.
Jina: Benta Awino. Umri: miaka 46. Kazi: muuzaji wa samaki wakavu. Makao: Kisiwa cha Rusinga.

Mimi ni mke wa kwanza wa marehemu Joram Odek. Mke wake wa pili alikuwa Phanice, wa miaka ishirini na sita. Nimekuja kwa sababu ya Ryoba, nahodha mliyemweka ndani tangu Alhamisi mkisema uzembe wake ndio uliomuua Phanice. Sikutumwa na mtu. Shemeji zangu walinikataza kuja.

Mume wetu alifariki Migori mjini kwa homa. Mnamo tarehe 20 Novemba 1997 tulitoka naye kumpeleka Rusinga azikwe. Mvua za mwezi huu zilikuwa zimekata barabara upande wa Rodi Kopany, kwa hivyo tulimpeleka Sori, kando ya Ziwa Viktoria, tukakodi mashua ya Ryoba. Ryoba ni Mkuria, lakini ziwa analijua, amelifanyia kazi miaka kumi na miwili. Tulikuwa watu tisa pamoja naye. Hakuna aliyekuwa na jaketi la kuokoa maisha. Jeneza, Ryoba alilifunga katikati kwa kamba, akalikaza vizuri. Tuliondoka saa tatu asubuhi.

Yapata saa tano na nusu upepo ulikatika, joto likawa baya. Mbele yetu wingu jeusi lilikuwa limeshuka chini sana, radi zikipiga ndani yake. Kisha mkia ukateremka kutoka winguni mpaka majini, ukawa unazunguka na kuvuta maji juu. Sisi twauita nyakoi. Ulikuwa bado mbali. Ryoba alipunguza injini akaniambia, "Mama, hii si ya kucheza nayo. Wacha turudi, kuna bichi hapo nyuma, hata nusu saa haifiki. Ikipita tutaendelea."

Nilikataa. Kwetu maiti ikishaanza safari ya nyumbani haigeuzwi njiani. Ryoba alisema mambo hayo ya kwetu hayajui, yeye anajua maji tu. Nilimwambia kama anaogopa, aniachie mimi mwanamke injini. Wanaume walicheka. Nasema ukweli, nilitaka wacheke.

Phanice alisema, "Mikayi, tafadhali turudi. Joram hawezi kukasirika." Mikayi ni mke mkubwa. Nilimjibu mbele ya watu kwamba mtu aliyeishi naye miaka mitatu asinifundishe namna ya kumzika. Ryoba akaongeza injini.

Tulipiga sufuria na makopo na kupaza sauti, kama tulivyofanya tangu utotoni ili nyakoi igeuke. Haikugeuka. Kama saa sita kasoro dakika kumi dhoruba ilitufikia, na mvua ya mawe, na mawimbi kutoka kila upande. Mkia wenyewe ulipita pembeni, lakini mashua ilizungushwa ikalala ubavu. Watu watatu walitupwa nje. Ryoba aliwavuta wawili kwa mikono yake. Jeneza halikusogea kwa sababu lilikuwa limefungwa. Sisi hatukufungwa.

Phanice alikuwa wa tatu. Alishika ukingo wa mashua karibu na goti langu akaniita Benta. Hakuwahi kuniita hivyo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia jeneza, niliogopa nikiliachia mume wetu atazama. Niliona vidole vyake vikiteleza. Sikunyoosha mkono.

Joram tulimzika Jumamosi. Phanice hajapatikana.

Ninajuta, afande. Nikijuta mpaka kesho, Phanice harudi. Lakini Ryoba alitaka kurudi, na aliyemzuia ni mimi.

Nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa yote, na ndivyo ilivyokuwa.

Alama ya kidole gumba: Benta Awino

Maelezo ya afisa: Nimeandika na kumsomea shahidi maneno yake. Nilimwuliza mara mbili kama anataka sehemu yoyote iondolewe, hasa kuhusu mikono yake. Alikataa. Nilimwambia anaweza kwenda nyumbani. Bado yuko kwenye benchi la nje, anasema anangoja Ryoba atoke au yeye aingizwe.
Konstebo Gichana