Nilichoficha Ndani ya Ganda la Fenesi

Mpendwa mwanangu Mariam,

Sijui unaishi wapi siku hizi, ndiyo maana barua hii naiacha wazi, aisome kila anayetaka. Anayekufahamu akufikishie. Daktari hapa Kibuli ameacha kuniandikia dawa mpya, na mimi nimefundisha miaka ya kutosha kujua maana ya mtu kuacha kusahihisha.

Kabla sijaondoka nataka ujue jambo moja. Sukari hakufa kwa uzembe wako.

Unakumbuka asubuhi zetu? Kabla ya shule ulipita mlango hadi mlango na toroli, ukikusanya maganda ya matoke na ya viazi. Mama yako, mdogo wangu Hadija, alikuwa na Sukari, yule ng'ombe mmoja tu, nyuma ya nyumba, na mteremko mzima ulimlisha. Hadija hakutupa kitu. Alikwenda sokoni na kikapu alichosuka mwenyewe, mafuta akapimiwa kwenye chupa ileile ya siku zote, na maziwa hakumpa mtu aliyekuja bila chombo chake. Waliotoa maganda aliwagawia samadi, wakapanda sukuma wiki kwenye magunia mabovu. Mimi niliona ni umaskini uliofundishwa adabu.

Nilikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mtoto anayekaa Ntinda, mtaa wa wenye nazo. Kila nilipomtembelea nilirudi na vitu vya duka kubwa, kila kimoja ndani ya kavera lake, mfuko wa plastiki, na kavera hilo ndani ya kavera lingine. Nilipenda plastiki ile ilivyolia niliposhuka kwenye boda, majirani wakitazama. Nilinunua nyanya zilizofungwa, nazo nyanya za mama yako zilikuwa zinaiva nyuma ya banda. Mikate nilinunua miwili, mmoja ukaota ukungu.

Siku moja uliyakuta makavera yangu kwenye gunia la maganda. Uliyatoa moja moja, ukayakung'uta, ukaniletea mlangoni. Ukasema kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, haya Sukari hawezi kula." Jirani aliyekuwa anaanika nguo akacheka, akasema leo mwalimu amepata sufuri. Nami nilicheka. Lakini nililibeba neno lile moyoni kama tusi.

Ningeweza kuyaweka kando kungoja lori la taka. Lakini lori husimama chini barabarani, na sikutaka kuonekana nimebeba taka kama mtu asiye na hadhi. Kununua pungufu hakukunijia akilini kabisa. Basi kila nilipokula fenesi niliyakunja makavera yakawa madogo, nikayasukuma ndani ya ganda, nikalifunika kwa ganda jingine. Ulimbo uliyashika kama gundi. Nilijua unakagua gunia langu. Nilijua pia huwezi kufungua kila ganda, na kwamba hakuna kitu Sukari alichokipenda kuliko fenesi.

Sikukusudia kumuua. Nilikusudia kukushinda wewe, mtoto wa miaka kumi na sita. Nilifanya hivyo msimu mzima wa mafenesi.

Yaliyofuata uliyaona. Sukari aliacha kucheua, ubavu wa kushoto ukavimba, na daktari wa mifugo alipomaliza kumpapasa alituambia tumwite mchinjaji mapema. Kutoka tumboni likavutwa bonge kubwa kama kichwa cha mtu, makavera yaliyosokotana, meusi kwa ulimbo.

"Nilikupa kazi moja, Mariam," mama yako alisema.

"Mama, nilikagua. Kila siku nilikagua."

Hadija akanigeukia. Tangu utotoni alikuwa akinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa. "Dada, wewe ni mwalimu. Huyu mtoto anasema kweli?"

Niliutazama ule ulimbo. Pale uwanjani ni mimi peke yangu niliyejua ulikotoka. Nikasema, "Watoto wa siku hizi wana haraka."

Ulinitazama, mwanangu. Mpaka leo sijui kama ulielewa, au ulikuwa unangoja tu nikutetee.

Maziwa yalikwisha, na shule yako, iliyolipiwa kwa maziwa hayo, nayo ikakwisha. Watoto wa mteremkoni wakakupa jina la Muua Ng'ombe. Ulipopanda basi la Nairobi na yule mama muuza viatu, Hadija hakutoka nje kukuaga. Nilisimama kwenye baraza nikakupungia mkono. Hukunipungia.

Mwaka jana mama yako aliugua. Nilikuwa nampangusa uso aliponishika kiganja akauliza, "Dada, pengine nilimwonea Mariam?" Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikamwambia asijichoshe, apumzike. Siku ya tatu alifariki. Kwenye matanga watu walisema una moyo mgumu, umeshindwa hata kuja kumzika mama yako. Nilikunywa chai yangu, nikanyamaza tena.

Siku hizi kikapu chake kinaning'inia kwangu. Anayekwenda sokoni nampa hicho, na nyama naiagiza ifungwe kwenye jani la mgomba. Nina ndoo mbili mlangoni, moja ya maganda, nyingine ya yasiyooza. Mikono inatetemeka, lakini natenganisha, na ganda la fenesi nalifungua mpaka ndani kabla sijaliweka. Kisha nangoja. Hakuna toroli linalopita. Banda lilibomolewa, na mtaro wa chini umejaa makavera mpaka maji ya mvua hupanda barabarani. Maganda yangu yanaozea kwenye ndoo safi.

Siombi msamaha. Nimeuchelewesha mpaka hauna wa kumfaa isipokuwa mimi. Nakuomba uje nyumbani. Mama yako amelazwa makaburini, upande wa ukutani, na mimi nimeomba nilazwe karibu naye. Simama kati yetu, umwambie kwa sauti kwamba ulikagua, kila siku ulikagua. Umwambie nami nikiwa hapo, nisiweze kukukatiza.

Kwaheri, mwanangu. Mikono yako ilikuwa safi.

Mama yako mkubwa