Sehemu Nilizokuwa Nikizikata

Kitale,
Jumapili ya pili ya Februari.

Mama,

Hadithi ya mlinzi imerudi tena. Ilirudi Alhamisi, nikiwa dukani nampimia mteja dawa ya kupe. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaisoma, nikairudisha mfukoni, nikamaliza kupima. Wahariri wa Nairobi wanashukuru kwa kazi yangu. Wananitakia heri kwingineko. Nilidhani mara hii nitalia, na nitakueleza kwa nini, lakini sikulia. Nilimwambia mteja asiiweke chupa karibu na watoto, nikamhudumia aliyefuata.

Tangu tukuzike Novemba niko hivi. Chakula nakula. Kazini naenda. Wa kanisani wakiniuliza, nasema tunamshukuru Mungu. Ni kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: anajua ni wake, lakini akiugusa hausikii.

Nyumbani Kimilili hapajaharibika. Mwanao Wafula ametengeneza ule mlango wa jikoni ambao wewe ulikuwa ukimlalamikia miaka yote. Sasa unafunga vizuri. Sijui kwa nini hakuutengeneza ukiwepo. Kuku wako mwekundu amehamia kwa Senge, wifi yako, na hataki kurudi.

Mama, nina jambo nataka kukuambia, na nimelizunguka miezi mitatu.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Nilikuwa natoka huku Kitale na karatasi zangu, nakukuta uani na mahindi yako, beseni katikati ya miguu. Ulisoma mpaka darasa la nne, na ulipenda kusema masikio yako yaliendelea na shule. Mimi nasoma hadithi, wewe unapukuchua. Punje zinaanguka kwenye beseni, na mimi nasoma nikizifuata, mpaka mahali fulani mikono yako inasimama. Pale nilikuwa naweka alama ya penseli pembeni. "Si uendelee, Mayi," unaniambia, ukiniita mama kama ulivyozoea, na mahindi yanaanza tena.

Hukuniuliza alama ni za nini. Mimi nilidhani ukisimama umechoka. Nilidhani hadithi imekupotea. Kwa hiyo nikirudi Kitale, kila penye alama nilikuwa nakata. Miaka sita, Mama. Nilikata kwa uaminifu, halafu natuma Nairobi, na zinarudi.

Siku moja uliniuliza, "Na yule mzee na baiskeli yake, alienda wapi?" Ilikuwa hadithi hii ya mlinzi wa ghala la mahindi kule Moi's Bridge, anayeosha baiskeli isiyo na tairi kila Jumamosi kwa sababu mwanawe alisema atarudi kuichukua. Nilikuwa nimemwacha mlinzi, nimeitoa baiskeli. Nikakujibu, "Niliitoa, Mama. Ilikuwa inachosha." Ulicheka kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwandishi."

Hukusema lingine. Natamani ungesema.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa, tulinyolewa asubuhi, halafu wanawake wakakaa na mahindi yako, maana wageni walikuwa bado wengi. Nilikuwa nimeshika gunzi, nikisikiliza mtu akieleza jinsi ulivyomshika mkono mtoto wake alipougua. Sikujua kama mikono yangu imesimama. Senge, unamjua mdomo wake, akasema mbele ya wote, "Muone huyu, ameshika tabia ya mama yake. Kitu kikimwingia, mikono inakufa." Nikamuuliza anasema nini. "Wewe mtoto, uliishi na nani? Mama yako akiguswa na neno alikuwa anaacha kila kitu. Siku ndugu yangu alikuja kumposa, maharagwe yaliungua bana, tukala hivyo hivyo!" Wote wakacheka, hata mimi nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Desemba nilitoa madaftari ya zamani kwenye sanduku. Alama zote zipo. Nilirudisha baiskeli, neno kwa neno, na nikarudisha ile ndoo ya maji na wimbo anaouimba akiosha. Januari nilienda Bungoma kumwona daktari wa macho, nikapitia saiba, duka la kompyuta, nikachapa, nikaisoma yote nimesimama pale mlangoni, na nikaituma kutoka hapo hapo. Nilikuwa na hakika. Nilijiambia sasa wataipokea, kwa sababu sasa ina kile ulichokipenda. Ndiyo sababu nilifikiri nitalia.

Wafula aliposikia imerudi alisema, "Dada, huyo mhariri angekuwa bwana, si ungekuwa umemwacha zamani?" Najua ungemjibu. Ungemuuliza yeye alirudia mtihani wa udereva mara ngapi.

Ijumaa nilikaa na penseli. Nilitaka kukata tena, Mama, sikufichi. Mkono umezoea. Jibu baya likija, unatafuta cha kutoa. Au niache kabisa, niuze dawa za ng'ombe, nilale mapema. Nilisoma kwa sauti, peke yangu, mpaka kwenye baiskeli, nikaona sina cha kutoa. Si kwamba imekuwa nzuri sana. Ni kwamba kila kitu kilichomo nakitaka kiwemo. Zamani nilikuwa natuma mabaki. Hii imekataliwa ikiwa nzima, na hiyo si sawa na zile. Nimeanza tu kuona tofauti, na sina wa kumwambia ila wewe.

Naomba unisamehe kwa yale niliyokata ukiwa hai unayasikiliza.

Siwezi kukuahidi kwamba wataipokea. Ninakuahidi nitaituma kwa wahariri wengine hivyo ilivyo, nitangoja hata miezi mitatu au minne bila kuwalaani, na ikirudi nitaituma kwingine. Nina nyingine nne za kuunganisha upya. Nitazifanya polepole. Sina haraka kama niliyokuwa nayo.

Lala salama, Mama. Natuma Jumatano, saa ya chakula cha mchana, duka likiwa limetulia. Unikumbuke saa hiyo.

Mwanao,
Nekesa