Leso Tuliyomfunika Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Wa alaikum salaam. Huku Mji wa Kale tu wazima, alhamdulillahi. Mamako ameshuka Marikiti kutafuta ndimu, na magoti yangu ni yale yale, usiyaulize.

Wasema kazi yenu ya utafiti ni kuwatazama wagonjwa wa kifafa na kuandika, si kuwapa dawa, nawe waona haya kumkodolea macho mtu aliyeanguka.

Dadangu Zuhura alikuwa na kifafa tangu usichana wetu. Akianguka, sote tulikimbilia leso, tukamfunika gubigubi hadi atulie. Tukaona tumemsitiri. Siku moja daktari akatuuliza, "Huanza kutetemeka upande gani? Macho huyafumba?" Hakuna aliyejua. Miaka yote tulikuwa tukiitazama leso.

Alipoanguka tena, mama aliwatoa watu, akafunga mlango. Akaniambia, "Mlaze ubavu, umwangalie. Usigeuze uso."

Niliogopa, lakini nikaangalia. Kilianza kidole gumba cha kushoto, kikafuata kipembe cha mdomo. Macho yalikuwa wazi. Daktari alipoelezwa alisema sasa ana pa kuanzia.

Lakini kabla ya daktari kuelezwa, Zuhura mwenyewe aliniuliza alipozinduka: "Mimi huwaje?" Hakuwahi kupata wa kumwambia. Nikamweleza yote, hata mate. Akanishika mkono.

"Basi leo sikuwa peke yangu," akasema.

Kwa hivyo funga mlango kwanza, Salma. Kisha tazama.

Ni mimi bibi yako, nikuombeaye.