Ukifika, Flashi

Jumatatu, 6 Januari

Mama amenichemshia maji ya kuoga tena. Niko na miaka kumi na minane. Nimeoga tu. Yeye yuko mlangoni anasukuma chapati za kuuza. Lindi nzima, mtaa wetu huku Kibera, inajua mlio wa kile kijiti chake cha kusukumia.

Leo ilikuwa nianze kujifunza kushona kwa Anti Rose, Kawangware. Mama alikubali Krismasi, mbele ya watu. Asubuhi hii amesema mvua itanyesha. Hakuna hata wingu. Madada zangu wawili waliolewa huko Kakamega na hakuna aliyeambiwa habari ya mvua. Lakini mimi ndiye wa mwisho. Nimebaki peke yangu.

Jumatano, 8 Januari

Nimeenda. Mama amesema niwe nikienda na kurudi, kulala huko bado.

Kabla nitoke ameshusha ule mfuko wa plastiki wenye nguo za Evans, kaka yangu. Akatoa simu yake ya batani. Bado inafanya kazi. Ni mwaka wa pili tangu tumzike, na Mama amekuwa akiiwekea kredo ili line isifungwe. Sikujua.

"Ukifika, flashi," akasema. "Ilie mara moja, ukate."

Siku ile Evans pia alikuwa anaenda Kawangware. Kwa kazi ya mjengo. Gari lilimgonga kabla afike.

Simu inanuka yeye. Ama ni mfuko. Nimefika, nimeflashi.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeona kitu na sikutaka kukiona.

Mama alipoteza simu yake kwa vitu vya unga, kama kawaida. Nikaipigia kwa ile ya Evans ili ilie. Ikalia chini ya sufuria. Nikaiokota. Kwa skrini imeandikwa Evans.

Hakubadilisha jina. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nimefika Kawangware mara tatu, na mara zote tatu aliyefika ni Evans.

Mama aliniona nikisoma. Akarudi kwa unga. Naiogopa hii simu. Namwogopa Mama pia, na hiyo nadhani ni dhambi.

Jumatatu, 13 Januari

Sijaflashi. Makusudi. Nilitaka kujua kama nikifika mimi inahesabika.

Saa nne Mama akasimama kwa mlango wa Anti Rose. Alitembea kutoka Kibera. Aproni, unga mpaka kwa viwiko, kijiti mkononi. Wasichana wa mashine walicheka. Mmoja akasema, "Faith, umeletewa kiboko."

Mimi huwa siongei mbele ya watu. Darasani nilikuwa najibu kwa kichwa. Leo nilisema, na kila mtu akasikia.

"Mimi si Evans, Mama."

"Najua," akasema. "Evans hakuflashi."

Wasichana wakainamia mashine zao.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Aliongea bila kuniangalia. Kwamba simu ikilia anaona jina, na kwanza Evans anafika, kidogo tu. Halafu anakumbuka, nafika mimi. Siku ya kwanza ilimuuma. Siku ya pili akaingoja.

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Nilikuwa bado na hasira, na aibu ya kile kijiti.

Jumapili, 19 Januari

Kesho nahamia kwa Anti Rose. Sikuomba mara ya pili. Mama alisema tu, tukitoka kanisani, kwamba kwenda na kurudi kunanichosha. Amenipakia sanduku mwenyewe. Akafungua, akapakia upya.

Amenipa line mpya. Anti amenipa simu yake ya zamani. Mama akaniomba niandike jina langu kwa simu yake, ati hizo batani hazimtii. Nikaandika: Faith. Lile jina lingine akasema nisilifute. Sikuwa nataka kulifuta.

Simu ya Evans ameirudisha kwa mfuko, mfuko akaupandisha juu ya kabati.

Leo sikuchemshiwa maji. Nimeoga baridi. Nimekasirika na sijui na nani.

Jumatatu, 20 Januari

Nimefika. Nimeflashi. Ikalia mara moja, nikakata.

Nimefundishwa kushona kola. Nimeiharibu, nikaifumua.

Saa saba, wasichana wakiwa wameenda kula, nilijaribu ile namba ya Evans.

Imezimwa.

Nimerudi kwa kola.