Ukurasa wa Kumi na Tisa

Parkdale, Toronto
Jumamosi, 8 Februari

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba goti la kushoto limeikubali dawa mpya na kwamba umeacha kupanda ngazi ya ghala kama ulivyomwahidi daktari. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji imefunika baiskeli za jirani zangu mpaka zinafanana na ng'ombe waliolala, lakini nyumba ina joto na kazini nafika bila taabu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningepata mwanya wa kukimbia. Nakuomba usihesabu makosa yangu ya ngeli mpaka umalize kusoma.

Umeniuliza mara tatu kwa nini Mwalimu Nyanchama hapokei simu zako. Mara zote nimekujibu kwamba ana zamu nyingi. Si kweli. Leo nitakueleza.

Unajua kwamba kazi anayofanya hapa nilimtafutia mimi. Kampuni yetu ina nyumba nne za kutunzia wazee. Yeye yuko kwenye chumba cha kufulia cha nyumba mojawapo na analipwa kwa zamu, nami niko ofisi kuu, upande wa mambo ya wafanyakazi. Kwa mshahara huo analipa chumba chake St. James Town na kuwasomesha wajukuu wawili Kisii. Sijawahi kumsikia akilalamika. Anasema shuka haziongei darasani na hazina wazazi.

Mwezi wa Novemba alikuja kanisani na bahasha ameibana ndani ya Biblia. Baada ya ibada, tukiwa tunakunywa chai ukumbini, aliifungua mbele yangu kwa vidole viwili kama cheti cha ndoa. Mahakama ilikuwa imemwita kwenye juri. Huku, Mama, wananchi kumi na wawili hukaa mahakamani, husikiliza kesi mwanzo hadi mwisho, na wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Ni lazima uwe raia, na yeye alikuwa raia wa miaka miwili tu. Alinisomea jina lake kwenye barua, majina yote matatu bila kosa. Alisema serikali hii haijawahi kumuuliza maoni yake hata juu ya supu, na sasa inamwomba aamue kesi ya mtu. Alikuwa amekwisha kununua sketi ya kijivu. Mzee Ndegwa wa kanisani kwetu akamtania kwamba mshtakiwa huyo aombe Mungu sana, maana Mwalimu atamkata alama hata kwa mwandiko mbaya. Mwalimu mwenyewe alicheka kuliko sisi sote.

Halafu akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kampuni italipa siku hizo. Karani wa mahakama alikuwa amemwambia kwamba kesi ingechukua wiki tatu.

Nilimjibu kwamba sheria inamlazimisha mwajiri kukupa ruhusa na kukulindia kazi yako, lakini haimlazimishi kukulipa. Nikaongeza kwamba mahakama yenyewe siku za mwanzo haitoi kitu. Nikamshauri amweleze jaji kwamba hana uwezo wa kukaa wiki tatu bila mshahara, maana majaji huwasikiliza watu wa namna hiyo. Akakataa. Alisema hajafika umri huu ili asimame mbele ya watu wasiomjua na kutangaza umaskini wake.

Ndipo nikamwambia aseme kwamba hajui Kiingereza vizuri.

Mama, alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Aliniuliza kama nimesahau ni nani aliyenifundisha kusoma saa kwa Kiingereza, nikalia kwa sababu ya robo. Kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Alikwenda Desemba, amevaa ile sketi. Alinisimulia mara moja tu, akiangalia kikombe. Ilipofika zamu yake alimwambia jaji kwa maneno manne kwamba hajui Kiingereza, na hayo manne akayavunja makusudi, kama wanafunzi wake wa darasa la tatu walivyokuwa wakiyavunja. Alikuwa amejiandaa kuulizwa maswali, hata kukamatwa. Hakuulizwa kitu. Jaji alimtazama, kitambaa chake cha kichwani na mikono yake ya sabuni, akamwamini papo hapo. Akamshukuru kwa sauti kubwa na polepole, kama mtu anavyoongea na mtoto aliyepotea sokoni. Karani akamshika kiwiko kumwonyesha mlango, na mlango ulikuwa umeandikwa 'Exit' kwa herufi kubwa.

Mwalimu alisema kilichomuuma si uongo wenyewe. Kilichomuuma ni kwamba watu wa mahakama hawakupata shida kuuamini.

Nilidhani yataishia hapo. Unamjua alivyo: neno akishalisema mbele ya mkubwa, analishika. Tangu siku ile haongei Kiingereza nje ya chumba chake, kwa sababu amekwisha kuiambia mahakama kwamba hakijui na mtu wa mahakama anaweza kuwa popote. Dukani anaonyesha mboga kwa kidole. Msimamizi wake akimsalimu, anaitikia kwa kichwa tu. Na simu zako hazipokei kwa sababu ninyi wawili, tangu meza ile mliyoigawana ofisi ya walimu miaka ishirini na miwili, mna desturi yenu: yeye anakuongelesha kwa Kiingereza, wewe unamjibu kwa Kiswahili, mnabishana lugha ipi ina akili. Aliniambia hawezi kukudanganya na hawezi kukueleza. Kwangu hana kinyongo. Kila Jumapili ananiletea chapati zilizofungwa kwa kitambaa, eti nilimsaidia kuokoa mshahara.

Chapati hizo ndizo zilizonifikisha kwenye barua hii.

Mama, kampuni ingemlipa. Kitabu chetu cha wafanyakazi, ukurasa wa kumi na tisa, kinasema kwamba yeyote aliyemaliza miezi sita, awe wa kudumu au wa zamu, akiitwa kwenye juri atapewa mshahara wake wote hadi siku ishirini za kazi. Sikusahau. Ukurasa huo niliuandika upya mimi mwenyewe Agosti, nikahangaika na koma zake. Lakini wiki ile ya bahasha, Derek, mkubwa wangu, alikuwa amelalamika kwamba nyumba ile anakofanya kazi Mwalimu ina upungufu wa watu, na kwamba angefurahi nisipowakumbusha watu haki wasizoziulizia. Hakuniambia nidanganye. Alitaja tu, katika mazungumzo hayohayo, kwamba nafasi ya mkuu wa kitengo itajazwa Januari. Mwalimu aliuliza, Mama. Aliniuliza mimi. Nikamjibu habari za sheria, nikijua anauliza habari za kampuni. Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli, na nililipanga ili limdanganye.

Cheo nilikipata. Ndicho kile ulichokitolea shukrani kanisani ukiwa umesimama na goti lako bovu.

Juzi Hira, anayefanya kazi na Mwalimu chumba kilekile, aliitwa kwenye juri. Yeye alisoma kitabu mwenyewe, akaniletea fomu, nikaitia sahihi kama mtu mwema. Lakini sitaki Mwalimu aipate habari hii kwa Hira kati ya shuka mbili. Unakumbuka kile kibao walichokuwa wakiwavika shingoni watoto waliokosea Kiingereza? Mwalimu ndiye aliyekitupa chooni, mbele ya mwalimu mkuu. Mimi nimekwenda kukiopoa, nikamvika yeye.

Kesho, kabla ya ibada, nitampa Godson wa kwaya barua hii, maana anapanda ndege jioni kuja huko. Nimepanga hivyo kusudi ikishatoka mkononi mwangu nisiweze kurudi nyuma. Ibada ikiisha nitamwambia Mwalimu yote, nikiwa na ukurasa wenyewe mkononi, na sitapokea chapati. Jumatatu nitamwambia Derek. Cheo kikienda, kiende.

Sikuombi uniombee msamaha kwake. Nakuomba jambo moja. Ukimpigia, mwongeleshe kwa Kiingereza, hicho chako cha kuungaunga unachokionea aibu. Akikujibu kwa Kiswahili, usimfuate. Endelea kukosea mpaka ashindwe kuvumilia, akusahihishe.

Wasalimie Baba na Kimani, na Shangazi umwambie viatu vimefika salama. Lipake goti mafuta, ujifunike vizuri asubuhi. Nitasubiri neno lako, liwe la namna yoyote.

Ni mimi binti yako, ambaye safari hii hastahili kutajwa kanisani,

Kagendo