Kompyuta Isiyobebeka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kuuma na kile kikohozi cha vumbi la mbao kinakuacha ulale. Mama naye hajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila wiki hii sikai nikatulia. Nikiketi nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia.

Sababu ni ile kompyuta. Uliniambia ninunue ndogo ya kubeba, nirudi nayo mwisho wa mwaka, tuwe tunachora makabati kwenye kioo kabla hujagusa msumeno. Nilikwenda dukani na nia hiyo hiyo. Fundi wa pale, bwana mpole asiye na haraka, akaniuliza nachora nini. Nikamwonyesha ngazi ya kuzunguka ninayoichora hapa kazini. Akasema ya kubeba itachemka tu. Michoro mizito namna ile inataka kadi ya grafiki yenye nguvu, yaani kile kipande cha ndani kinachotengeneza picha za kwenye kioo, na kadi hiyo makazi yake ni kompyuta ya mezani.

Nikaondoka. Nikarudi. Nikachagua kadi ya wastani, nikaikataa kabla hajamaliza kuifunga, nikachukua ile yenye nguvu. Fundi akasema akipata wateja watatu kama mimi atahamia kuuza vitunguu. Ungecheka, baba, maana na wewe unao wako wanaobadili rangi mlango ukiwa umeshapakwa.

Ikabaki pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Hapo hakuna mchezo. Kikizidiwa, mashine inazimika katikati ya kazi. Akaweka viwili mezani. Kimoja kiliitosha kadi ile na basi. Kingine kizito kama tofali, cha mtu atakayeongeza vitu mwaka kesho na hata baadaye. Akaniuliza mashine nitaitumia wapi na kwa muda gani. Nikamjibu kwamba ni hapa hapa, miaka mingi. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo, kwa sababu sikuwa nimekwambia wewe wala sikuwa nimejiambia mwenyewe.

Baba, sirudi kufanya kazi kwenye karakana yetu. Nitakuja kuwaona, lakini kazi yangu ni hii, na naipenda. Nimenunua kile kizito. Naona aibu kwamba muuza duka amejua kabla yako.

Juzi mama alinipigia simu kwa furaha, akasema umeandika upya kibao cha mlangoni: Fundi na Binti. Tangu hapo nazunguka tu chumbani. Kama umekasirika, niandikie kwa hasira hiyo hiyo, nitaisoma yote. Ninachoogopa ni wewe kunyamaza.

Mwambie mama nampenda, na wateja wako wasumbufu nawasalimu. Kibao kifute ukitaka, sitanung'unika. Ila binti bado unaye.

Wako anayekuheshimu,
Kifungua mimba wako