Mguu wa Ndugu Mageni na Njaa ya Bahari

UMOJA WA WAUZA DAGAA, MAGANZO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 17 Februari 2024
Mahali: Chumba cha sayansi, shule ya sekondari ya jirani na soko

Waliohudhuria: Mama Serafina Ngusa (Mwenyekiti), Athanas Mayala (Katibu), Vumilia Luka (Mweka Hazina), Bujiku Januari na Paskazia aitwaye Mama Blessing (Wajumbe)
Walioitwa: Mageni Sostenes (mhusika wa shauri), Mwalimu Nelly (mwalimu wa biolojia)
Asiyehudhuria: Sikujua Mayala (yuko msibani Kagongwa)

Kwa Mkutano Mkuu wa Umoja,

Kwa heshima inayostahili, nawasalimu. Kumbukumbu hizi zinawasilishwa kwenu kwa kusudi moja: kuwawezesha kuamua juu ya uanachama wa Ndugu Mageni Sostenes, mnunuzi wetu wa dagaa wa bahari, kwa kuwa Kamati haina mamlaka ya kumfukuza mtu wala ya kumsafisha.

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Alionya kwamba neno "nuksi" lisitamkwe tena kikaoni. Ndugu Bujiku aliuliza badala yake litamkwe lipi. Mwenyekiti alimtaka aeleze shauri.

KUMB. NA. 2/2024: SHAURI
Ndugu Bujiku alieleza kwamba Ndugu Mageni alitumwa Kilwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi na magunia matupu. Alikiri kwamba fedha zilirudi kamili. Alifafanua kwamba halaumu mkono wake, analaumu mguu: "Huyu akikanyaga ufukwe, dagaa wanahama." Aliongeza kwamba mwishoni mwa mwaka jana mvua ilinyesha hapa hadi malambo yakafurika na nyasi zikafika tumboni mwa ng'ombe. Ikiwa Maganzo hii kavu ilineemeka hivyo, bahari ambayo yenyewe ni maji tupu ingepungukiwaje?

Ndugu Mageni alijibu kwamba wavuvi wa huko nao aliwakuta wamekaa, wanatengeneza nyavu tu. Alisema tangu arudi, hakuna anayesimama kwenye meza yake sokoni. "Juzi mtoto aliniamkia shikamoo. Kabla sijaitika, mama yake akamvuta mkono."

Mwenyekiti alimwomba Mwalimu Nelly aeleze mambo ya bahari.

KUMB. NA. 3/2024: MAELEZO YA MWALIMU NELLY
Mwalimu alieleza kwamba bahari nayo ina malisho, yaani mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iitwayo planktoni ya mimea. Vidudu huila, dagaa huwala vidudu pamoja na mimea yenyewe, na samaki wakubwa huwala dagaa.

Mama Blessing aliuliza, "Kwa hiyo dagaa ni ng'ombe?"

"Ndiyo, Mama Blessing. Ng'ombe wa bahari."

"Basi Bujiku ana zizi pale sokoni na hajalipa mahari."

Mwenyekiti alirudisha utulivu. Ndugu Bujiku alitaka aonyeshwe hayo malisho.

Mwalimu aliweka tone la maji ya lambo chini ya hadubini, akieleza kwamba viumbe waliomo ni ndugu wa wale wa baharini. Mwenyekiti alitazama wa kwanza, akabaki ameinama hadi alipoombwa kuwapisha wengine. Mama Blessing alisema, "Mayo! Vinatembea!" Katibu naye alitazama. Inaandikwa hapa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, kwamba Katibu aliona vitu vya kijani vilivyochongwa kwa ustadi ambao hajauona kwenye almasi yoyote ya machimbo yetu ya hapa, vikizunguka ndani ya tone lisilotosha kulowesha ukucha, na kwamba kwa muda huo hakuandika chochote.

Mwalimu aliendelea kwamba malisho hayo huhitaji mwanga wa jua na mbolea. Mbolea iko kina kirefu, kwenye maji baridi, na upepo ndio huyakoroga maji ikapanda juu. Kila baada ya miaka kadhaa, bila kosa la mtu yeyote, pepo za bahari za tropiki hubadilika na maji ya moto hujikusanya upande wetu. Hukaa juu kama mfuniko wa sufuria. Mbolea hubaki chini, malisho hupungua, na dagaa hupungua au huhama. Maji hayo hayo ya moto hurusha mvuke mwingi angani, nao hutufikia huku ukiwa mvua. Mizunguko hii ilikuwapo kabla binadamu hajaanza kuhesabu miaka, na mwaka jana ulitokea mmojawapo.

"Mvua yenu na njaa ya wale wavuvi zinaweza kuwa zimetoka chungu kimoja," alisema. Alitahadharisha kwamba kuhusu Kilwa yenyewe hawezi kuapa.

Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba maziwa anayokunywa tangu Desemba ni ya mvua ile, na hakuwahi kuwaza kwamba huenda kuna mahali palipokosa wakati yeye anapata.

Ndugu Bujiku alisema, "Hadubini imeonyesha lambo. Kilwa haijaonyesha." Hata hivyo alirudi kutazama mara mbili. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu, "Naangalia tu."

KUMB. NA. 4/2024: KURA
Mweka Hazina alipendekeza Ndugu Mageni atumwe mara ya tatu, bahari ikipoa, ili ijulikane kama tatizo ni yeye au ni bahari. Ndugu Mageni alikataa: "Nikirudi na mzigo mtasema bahari imepona. Nikirudi mtupu mtasema ni mimi. Mimi nitashinda lini?"

Kura za kupendekeza kwa Mkutano Mkuu aondolewe zilikuwa mbili, na za kupendekeza abaki mbili. Mwenyekiti alikataa kupiga kura ya kuamua, akisema kwamba mtu aliyehukumiwa na soko zima hawezi kusafishwa na bibi mmoja.

KUMB. NA. 5/2024: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa saba na nusu mchana.

Mwenyekiti: Serafina Ngusa (sahihi)
Katibu: Athanas Mayala (sahihi)

OMBI: Mkutano Mkuu unaombwa kuamua, kwa kunyoosha mikono mbele ya Ndugu Mageni Sostenes mwenyewe, iwapo abaki kuwa mwanachama au aondolewe.